Naombeni ushauri: nitathibitishaje ubaoni kuwa 2147483647 ni namba tasa?

MwalimuWaJioni: Salaam aleikum ndugu zangu. Nafundisha tuisheni ya hesabu huku Kisauni. Juzi kijana wa kidato cha pili kanionyesha gemu kwenye simu ya kakake: sarafu zimegota 2147483647, haziongezeki tena. Nikaropokwa, "Hiyo ni namba tasa." Akacheka. Kwake yeye namba ya tarakimu kumi haikosi cha kuigawa. Tumewekeana sahani ya viazi karai, na sharti lake nithibitishe kwa chaki, simu isiguswe. Nimejitetea kwamba ni 2³¹ − 1, na kwa vile 31 ni tasa, basi nayo ni tasa. Kakataa. Jumamosi ndiyo hukumu.

FundiLikoni: Gemu si mbovu. Programu nyingi huipa namba biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1: moja ya alama ya chanya au hasi, 31 za namba yenyewe. 2³¹ − 1 ndio ukomo wake. Lakini mwalimu na mwanafunzi kuwekeana dau, haya…

BiShufwa: Mwalimu, hoja hiyo usiipeleke ubaoni, kijana ana haki. 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2047, yaani 23 × 89. Mersenne mwenyewe, mwenye jina la namba hizi, mwaka 1644 aliitia 67 kwenye orodha yake ya vipeo vinavyotoa namba tasa. Mwaka 1903 mwanahisabati Cole akaonyesha 2⁶⁷ − 1 ni 193707721 × 761838257287.

Yako ni tasa kweli. Mwanahisabati Euler aliithibitisha 1772, na simu hakuwa nayo. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46341, kwa hivyo huna haja ya kujaribu kuigawa kwa namba zinazovuka hapo. Bado ni namba tasa elfu nne na ushei, utazeeka. Sasa sikiliza. Tuseme q ni tasa na inaigawa. Basi 2³¹ ukiigawa kwa q hubaki 1. Fermat naye katufunza 2 kwa kipeo cha q − 1 hubakisha 1 vilevile. 31 ni tasa, kwa hivyo lazima q − 1 igawike kwa 31. Na q ni witiri, q − 1 ni shufwa, basi inagawika kwa 62. Isitoshe, q ikigawiwa kwa 8 lazima ibakishe 1 au 7. Chuja hivyo uone: ya kwanza ni 311, inayofuata 1303! Zote hazifiki mia.

MamaPacha: Mie nimeona viazi karai tu. Vya ukwaju?

MwalimuWaJioni: Mrejesho. 311 imebakisha 35. 1303 imebakisha 226. Darasa zima limegawa kwa zamu mpaka adhana ya isha, chaki ikaisha. Zilizobaki nimewagawia wakafanye nyumbani. Kijana asema viazi hanunui mpaka ya mwisho ifanywe, nami nimempa yeye zile za elfu arobaini.