Mikopo ya muda mfupi na madeni ya pango kwenye mizania: yanasomwaje?

Hisa_Kidogokidogo: Wakuu, habari za humu. Nina hesabu za mwaka za kampuni moja ya simu iliyoorodheshwa DSE (soko la hisa la Dar es Salaam). Kwenye madeni ya muda mfupi kuna overdrafti (ruhusa ya kutoa benki zaidi ya salio), mkopo wa benki na deni la pango. Deni la pango linatokea tena kwenye ya muda mrefu. Ukijumlisha, madeni ya muda mfupi yanazidi mali za muda mfupi. Niogope? Na pango ni deni kweli, au gharama tu kama umeme?

Mhasibu_Tabora: Ni deni, mkuu. Tangu 1 Januari 2019, IFRS 16 (kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa pango) inamtaka mpangaji aingize karibu mikataba yote ya pango kwenye mizania (orodha ya mali na madeni): minara, maduka, magari. Anaruhusiwa kuacha nje mikataba ya miezi 12 au pungufu na ya vitu vya bei ndogo kama kompyuta.

Mtego uko kwenye ile sehemu ya muda mfupi. Tuseme pango ni milioni 100 kwa mwaka, miaka 5, hulipwa mwisho wa mwaka, riba 15%. Mizania itaonyesha deni la milioni 335 hivi, yaani malipo yote matano yakipunguzwa kwa riba hiyo hadi thamani ya leo. Malipo ya kwanza ya milioni 100 yanabeba riba ya milioni 50.3, hivyo deni lenyewe linapungua milioni 49.7 tu, na kampuni nyingi huandika hiyo 49.7 kuwa ndiyo sehemu ya muda mfupi. Benki lakini inatoka milioni 100 nzima! Kwa hiyo fungua maelezo ya hesabu, penye hatari ya ukwasi (kukosa fedha za kulipa madeni kwa wakati). Pale kuna jedwali la malipo kamili kwa kila kipindi, kabla ya kurudishwa thamani ya leo. Taarifa za robo mwaka za gazetini hazinalo, tafuta ripoti nzima.

Gawio_Kwanza: Niongezee kwenye uwiano wa deni kwa EBITDA (faida kabla ya riba, kodi na uchakavu), maana hapo wengi wanapigwa. Baada ya IFRS 16, pango halionekani tena kama gharama ya uendeshaji, limegeuka uchakavu na riba. EBITDA inapanda bila kampuni kuuza hata laini moja ya ziada.

Kwa mfano huohuo wa Mhasibu, chukua EBITDA milioni 300 na mkopo wa benki, ukitoa fedha taslimu, milioni 250. Ukihesabu pango kuwa deni: 585 (250 na 335) kwa 300, yaani mara 1.95. Usipolihesabu, toa pango kwenye EBITDA pia: 250 kwa 200, mara 1.25. Zote mbili ni halali. Haramu ni 250 kwa 300, mara 0.83, ambayo utaikuta kwenye slaidi za mawasilisho kwa wawekezaji, imekolezwa rangi kabisa.

Mtiririko wa fedha nao: marejesho ya deni la pango yanakaa kwenye shughuli za ufadhili. Ukitoa matumizi ya mtaji (ununuzi wa mitambo na vifaa) peke yake kwenye fedha za uendeshaji, umesahau pango la minara.

Dada_NSE: Na sarafu jamani. Deni la pango la dola hukokotolewa upya kila mwisho wa kipindi, ila ile mali ya haki ya kutumia (haki ya kutumia kilichopangwa, inayoandikwa kama mali) upande wa pili haipandi nayo. Shilingi ikianguka, tofauti yote ni hasara. Kenya Airways mwaka 2023 ilipata faida ya uendeshaji ya shilingi bilioni 10.5 za Kenya, ikafunga na hasara ya bilioni 22.7, sababu kubwa ikiwa madeni ya fedha za kigeni. Angalia mikataba ya minara imefungwa kwa sarafu gani.

Hisa_Kidogokidogo: Asanteni sana. Na hilo la madeni kuzidi mali?

Mhasibu_Tabora: Kwa kampuni ya simu, hilo peke yake halitoshi kukutisha. Vocha ambazo wateja wamenunua na hawajatumia ni deni, ila linalipwa kwa huduma. Liondoe, kisha linganisha kilichobaki na fedha za uendeshaji za mwaka pamoja na kiasi cha overdrafti ambacho hakijaguswa. Usihesabu fedha za wateja wa huduma ya pesa kwa simu, hizo si za kampuni.

Kinachotisha ni mkopo wa miaka 5 au 7 kuhamia ghafla muda mfupi wakati haujaiva. Mara nyingi kampuni imevunja masharti ya mkopo kabla ya kufunga mwaka, na benki ikisamehe baada ya tarehe hiyo, mkopo unabaki muda mfupi vilevile. Kwa hesabu za kuanzia 2024, kampuni yenye mkopo wa muda mrefu wenye masharti ya kutimizwa ndani ya miezi 12 lazima iyataje. Yatafute, ujue wamebakiza nafasi kiasi gani. Halafu soma alichoandika mkaguzi kuhusu kampuni kuendelea na biashara.