Kifaransa cha Neema kwenye kikundi cha familia

Neema: Shikamooni. Kwa Kifaransa umri unasemwa kwa je suis (mimi ni) au j'ai (nina)?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. J'ai. Usipitie Kiingereza, ndicho kinachowapeleka wengi kwenye je suis. Anzia Kiswahili: nina miaka ishirini, j'ai vingt ans. Nina njaa, j'ai faim. Nina kiu, j'ai soif.

Neema: Na le ya kiume na la ya kike nikariri tu?

Mjomba Deo: Kariri nomino pamoja na un (kiume) au une (kike). Daftarini usiandike table (meza) peke yake, andika une table. Le na la zitakuficha jinsia mbele ya irabu na mbele ya h nyingi, maana zote hugeuka l': l'école, l'hôtel. Ukiandika une école, un hôtel, jinsia iko wazi.

Shangazi Rehema: Miisho nayo inasaidia. -tion karibu zote ni za kike: une question, une station. -ment na -age kwa kawaida za kiume: un appartement, un fromage. Ila plage, page, image na cage ni za kike, hizo zishike kichwani.

Baraka: Jinsia ya meza jamani 😩

Shangazi Rehema: Baraka, wewe una ngeli zaidi ya mbili na hukosei! Upatanisho ni uleule: un petit livre (kitabu kidogo), une petite robe (gauni dogo). Sikiliza mwisho: t ya petit haitamkwi hapo, ya petite inasikika.

Mjomba Deo: Sifa nyingi hufuata nomino kama kwetu, une robe rouge. Zinazotangulia ni chache: petit, grand, bon, mauvais, beau, joli, jeune, vieux, nouveau.

Neema: Kukanusha je?

Mjomba Deo: Ne kabla ya kitenzi, pas baada yake. Wengi husahau kwamba un, une na des hugeuka de: j'ai un stylo, je n'ai pas de stylo. Kwa être (kuwa) hazibadiliki: ce n'est pas un stylo.

Baraka: Mjomba, 70 ni soixante-dix au septante?

Mjomba Deo: Ufaransa soixante-dix. Huku Bujumbura, na Kongo ya Kinshasa pia, septante, na 90 nonante. 80 ni quatre-vingts kote huko. Zitambue zote ukisikia, ukiandika shika mfumo mmoja.

Shangazi Rehema: Neema, chukua vitu kumi vya jikoni, kila kimoja na un au une na petit au petite. Tuma kwa sauti, nataka kusikia hiyo t.