London: Vyumba vya poka vinatufanya wajinga. Kabla hujachagua pa kucheza, soma hapa

Wakuu, heshima mbele.

Nimelala masaa matatu tu na hasira hazijaisha. Jana Ijumaa nilikwenda kucheza poka kwenye kasino moja hapa London. Jina lake sitalitaja, wala mtaa, wala kituo cha treni, kwa sababu asubuhi hii nimewaandikia malalamiko rasmi na nataka kwanza wanijibu kwa maandishi. Ila nilichokiona jana ni mchezo wanaochezewa Waswahili wengi wanaoingia vyumba hivi kwa kusikia kwamba pahala fulani ni pazuri, na siwezi kunyamaza.

Kwa wasioujua mchezo, nieleze kidogo. Kwenye poka kasino haichezi na wewe. Tunaokaa mezani ndio tunaonyang'anyana pesa zetu wenyewe. Kasino inatoa meza, karata na mgawaji, kisha inachukua chake: ama inakata kiasi kwenye kila fungu (pesa zote zilizowekwa kwenye raundi), ama inatoza kila mchezaji kwa muda aliokaa. Makato hayo ndiyo bei ya bidhaa. Sasa niambieni, ni duka gani unaingia, unachukua mzigo, na bei unaijua ukiwa umeshafika mlangoni unatoka?

Zamu yangu ghalani inaisha saa kumi na mbili jioni. Nacheza mara mbili kwa mwezi, na paundi 300 ninazokwenda nazo nimeziweka kando kidogo kidogo. Kwa hiyo sikurupuki. Nilipiga simu kabla ya kutoka nyumbani Leyton. Nikauliza maswali matatu: meza ngapi za paundi 1 na 2 (yaani dau dogo na dau kubwa ambayo watu wawili wa kwanza lazima waweke kila raundi) zinaendelea, foleni ikoje, na makato ni kiasi gani. Nikajibiwa: meza tatu, foleni hakuna, makato asilimia 5 na hayazidi paundi 5. Tukaondoka mimi na jamaa yangu wa Mombasa.

Tulifika saa mbili kasorobo usiku. Meza moja. Moja! Kwenye orodha ya kusubiri kulikuwa na watu kumi na wawili mbele yetu. Na hiyo meza yenyewe iliitwa ya 1 na 2 kwa jina tu, maana wachezaji wa kila siku walikuwa wamekubaliana kwamba lazima mtu wa tatu aweke paundi 5 kabla ya kuona karata zake. Hapo mchezo si wa 1 na 2 tena. Paundi 200 ulizopanga zikupe uvumilivu wa dau kubwa mia moja, ghafla zinakupa arobaini. Ukikosea mara mbili tu, usiku wako umekwisha.

Orodha ilikuwa kwenye karatasi, nyuma ya kaunta, imegeuzwa upande wao. Nikakaa. Saa tatu ikapita. Wakaingia watu wawili, wakapeana mikono na msimamizi, wakauliziana habari za familia, na dakika tano baadaye wamekaa mezani. Nikamwuliza msimamizi, akasema walijiandikisha kwa simu. Na mimi nilipiga simu! Kwa nini mimi sikuambiwa kwamba jina linaandikwa kwa simu? Akanitazama kama mtoto anayesumbua, akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike uzi huu: kwamba nisikae bure, ruleti iko pale, nikajiburudishe, zamu yangu ikifika wataniita.

Hebu lielewe hilo vizuri. Ruleti ya hapa ni gurudumu la bahati lenye nafasi 37, yaani namba 36 na sifuri. Ukipata namba yako unalipwa 35 kwa 1. Hiyo tofauti ndiyo ya nyumba, yaani kasino, karibu asilimia 2.7 ya kila unachoweka, na hakuna ustadi wowote duniani unaoipunguza. Mchezaji wa poka amekuja kwa sababu anaamini kwenye meza yake akili na subira vinaweza kumlipa. Kumweka kwa masaa mawili na nusu hatua kumi kutoka kwenye gurudumu hilo, pesa ikiwa mfukoni, kisha kumwonyesha kwa kidole, ni kumwinda. Jamaa yangu wa Mombasa alikwenda. Alipoitwa jina alikuwa ameshapoteza paundi 180, na hakuwa amegusa karata hata moja ya poka. Mtu ana watoto wawili. Alikaa mezani na pesa iliyobaki akicheza kwa woga, na poka ya woga mnaijua inavyoishia.

Mimi niliketi saa nne na robo. Raundi ya tatu nikapata ree mbili, ya kopa na ya shupaza. Nikapandisha, wote wakatupa karata kabla hata moja haijafunuliwa katikati ya meza. Mgawaji akachukua paundi moja kwenye fungu, ikashuka kwenye tundu. Vyumba vingi nilivyowahi kucheza vina desturi moja inayoheshimika: karata za katikati zisipofunguliwa, nyumba haikati kitu. Nikasema hivyo kwa adabu. Jibu: "Hapa tunakata." Fungu lililofuata nililoshinda lilikuwa paundi 38. Zikashuka 4. Asilimia 5 ya 38 haifiki hata 2! Nikamwita msimamizi. Akasema makato yamebadilika wiki iliyopita, sasa ni asilimia 10 na mwisho paundi 8. Nikauliza imeandikwa wapi. Akaniongoza hadi kwenye kibao kidogo kando ya kaunta, chini ya tangazo la chakula. Kibao kilikuwa na makato ya zamani.

Basi nikaacha kupigania mafungu nikaanza kuhesabu. Kwa saa moja tulicheza raundi 27, na nyumba ikakusanya paundi 118. Tulikuwa tisa. Ni kama paundi 13 kwa kila mtu kwa saa. Kama kila mmoja aliingia na 200, mezani kulikuwa na 1,800. Kwa mwendo ule, masaa matano yanatosha kuondoa 590, karibu theluthi ya pesa yote, na hakuna aliyeshinda bado. Mchezaji mzuri wa meza ya 1 na 2 akiweza kupata wastani wa paundi 10 au 20 kwa saa amejitahidi sana. Sasa mtoe hizo 13. Unamfanyia kazi nani?

Chumba kinachotoza kwa muda, tuseme paundi 8 kwa saa kwa kila kiti, kingechukua 72 kwenye meza ile ile. Watu wanakikimbia kwa sababu ile 8 inaonekana ikitoka mfukoni, wakati ya kwenye fungu inatoka kimya kimya. Wakuu, hesabuni. Kaeni saa moja na simu yenu, andikeni kila kinachoshuka kwenye tundu.

Kuna jambo jingine, na hili liliniuma kwa namna yake. Mezani mtu akiwa na karata mkononi kanuni ni Kiingereza tu, ili watu wasipeane siri. Kanuni hiyo naikubali kabisa. Mimi na jamaa yangu tulikuwa tumeshatupa karata zetu wote wawili, nikamwuliza kwa Kiswahili kama anataka tuondoke. Mgawaji akatukaripia mbele ya meza nzima na kututishia kututoa. Nusu saa baadaye, wateja wawili wa kila siku wakazungumza lugha yao huku wote wawili wakiwa bado ndani ya raundi, mmoja akifikiria kama afuate dau la paundi 90. Mgawaji hakufungua mdomo. Nilipolisema, nikaambiwa "wale tunawafahamu." Hapo nilichukua chipu zangu nikainuka.

Kinachouma zaidi ni kwamba jiji hili lina heshima yake kwenye mchezo huu. Mashindano ya poka ya Ulaya, EPT (European Poker Tour), yalikuwa yakichezwa kasino ya Victoria, barabara ya Edgware Road, tangu msimu wa kwanza mwaka 2004. Mwaka 2007 London ndipo Annette Obrestad wa Norway, siku moja kabla hajatimiza miaka 19, alishinda mashindano makuu ya kwanza ya WSOP (World Series of Poker) Ulaya na kuondoka na paundi milioni 1. Las Vegas wasingemruhusu hata kukaa, kule umri ni 21. Hapa ni 18, na ushindi wako haukatwi kodi. Nilihamia hapa nikiwa najua habari hizo kwa moyo.

Kwa nini basi wanathubutu kututendea hivi? Kwa maoni yangu ni kwa sababu milango ni michache. Kulikuwa na klabu ya Gutshot pale Clerkenwell, klabu ya poka tupu, isiyo na ruleti. Mwenyekiti wake alishtakiwa chini ya sheria ya michezo ya kubahatisha ya 1968. Akajitetea kwamba poka ni mchezo wa ustadi, na Januari 2007 baraza la raia (jury) katika mahakama ya Snaresbrook likamtia hatiani. Sheria ya 2005 iliyoanza kutumika kikamilifu Septemba 2007 nayo haikuwapa nafasi watu wa namna ile. Klabu za wanachama zinaruhusiwa poka kwa masharti. Kwenye baa mchezaji haruhusiwi kuweka zaidi ya paundi 5 kwa mchezo, baa nzima isizidi 100 kwa siku, na mwenye baa hakati hata senti. Ni pazuri kwa anayejifunza. Ukitaka mchezo wa pesa ya maana unabaki na kasino, na kasino haioni hasara ukinuna, kwa sababu inajua utarudi.

Na msiniambie niende kwenye vijiwe vya majumbani. Kucheza na rafiki zako sebuleni si kosa, ila mwenye nyumba akianza kutoza au kukata kwenye fungu, amevunja sheria, na ukidhulumiwa hapo utamshitakia nani? Namjua mtu aliyeshinda 700 akaambiwa aje kuchukua kesho. Kesho hiyo ni ya mwaka jana.

Ndiyo maana nawaomba mtu akiuliza humu "London nicheze wapi" tuache kumjibu kwa uzuri wa zulia na mwanga wa taa. Mwambieni makato ni kiasi gani na mliyaona yameandikwa wapi. Kama orodha ya kusubiri iko kwenye skrini ambayo kila mtu anaiona, semeni, kwangu mimi hilo sasa ndilo la kwanza. Semeni siku na saa mliyokwenda, maana chumba chenye meza sita Jumamosi kinaweza kuwa hakina hata moja Jumanne. Na semeni mlirudije nyumbani: treni za chini ya ardhi za usiku kucha ni Ijumaa na Jumamosi tu, kwenye njia za Central, Jubilee, Northern, Piccadilly na Victoria. Vituo vyote viwili vya Edgware Road havimo. Siku nyingine ukitoka saa tisa usiku ni basi, na mtu aliyechoka anaongeza saa mbili za kucheza vibaya ili asubiri treni ya kwanza.

Aliyetendewa kama mimi naye aandike barua. Masharti ya leseni yanawalazimu wawe na utaratibu wa malalamiko, na msipoafikiana ndani ya wiki 8 una haki ya kulipeleka kwa mwamuzi wa nje bila kulipa chochote. Gambling Commission, tume inayosimamia kasino, yenyewe haiamui ugomvi wa mteja mmoja mmoja, msipoteze muda kusubiri iwarudishie pesa. Andikeni saa, namba ya meza, na kiasi kilichokatwa. Mimi nimeambatanisha hesabu yangu ya raundi zote 27.

Wa jana wakinijibu, nitaliweka jibu lao hapa neno kwa neno. Jamaa yangu wa Mombasa ameniambia hataki tena kusikia habari ya karata. Simlaumu.