Leseni moja ya taifa kwa majarida ya kitaaluma: tuifuate India?

Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Novemba 2024 serikali ya India iliidhinisha mpango wa kulipia majarida ya kitaaluma kwa nchi nzima: rupia bilioni 60 kwa miaka mitatu, wachapishaji 30 wa kimataifa, majarida karibu 13,000, vyuo na taasisi zaidi ya 6,300. Ulianza Januari 2025. Je, Tanzania nasi tuwe na leseni ya namna hiyo, badala ya vyuo kuhangaika kimoja kimoja au kuchangiana kupitia COTUL, umoja wa maktaba za vyuo na utafiti nchini?

Mimi nasema ndiyo, ila si kwa mtindo wa India. Awamu yao ya kwanza imeingiza vyuo na taasisi za serikali tu. Aliye chuo binafsi, au asiye na chuo kabisa, hayumo, ingawa kodi analipa.

Na shida yetu iko hapohapo. Mifumo hii humtambua msomaji kwa taasisi yake. Ukiwa maktaba, kwenye wifi ya chuo, unabofya makala inafunguka yote. Ukishahitimu ukapangiwa hospitali ya wilaya, unaitafuta makala ileile kwa bando lako: unapata ikisiri, na chini yake kitufe cha kununua, dola 30 na kitu kwa makala moja. Tabibu anayetaka kuhakiki dozi ya mtoto, afisa ugani anayepambana na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, mwalimu wa sekondari anayeandaa somo: hawa wanahitaji maarifa hayo kazini kila siku, na ndio tuliowafungia nje. Misri ilipofungua Benki yake ya Maarifa, maktaba ya mtandaoni ya taifa, mwaka 2016, raia aliweza kujisajili kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Sisi tuna NIDA. Tunakwama wapi?

Najua kuna watakaosema tunapata bure kupitia Research4Life, mpango wa kuzipa nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu, kwa hiyo kulipa ni kutupa hela. Mpango ule umetusaidia sana tangu HINARI, sehemu yake ya majarida ya afya, ianze mwaka 2002, na hilo silibezi. Lakini ni hisani ya wachapishaji. Januari 2011 wachapishaji kadhaa wakubwa walisitisha huduma hiyo kwa Bangladesh, na majarida takriban 2,500 yakafungwa ghafla. Ilibidi madaktari na watafiti wapige kelele ndipo yakarudishwa. Tena nchi ikipanda kiuchumi inaweza kuhamishwa kutoka kundi la bure kwenda la kulipia, na sisi tangu 2020 tumo kwenye uchumi wa kati wa chini.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya wanaotaka fedha zote ziende kwenye uchapishaji huria, ambao msomaji halipi chochote. Naiunga mkono kwa sehemu. Tatizo ni kwamba kwa wachapishaji wengi, msomaji akisamehewa, mwandishi ndiye anayedaiwa. Jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja huria kuanzia 2021. Mhadhiri gani wa hapa ataitoa mfukoni? Ndiyo maana nataka fungu la leseni liambatane na fungu la kuyalea majarida yetu wenyewe: wahariri walipwe, toleo litoke kwa wakati, mwandishi na msomaji wasidaiwe.

Halafu kuna suala la bei. Ujerumani walipoona mchapishaji mkubwa Elsevier hashushi bei, taasisi kama 200 ziliacha mikataba yao iishe. Mwaka 2018 watafiti wao wakakatiwa huduma, wakavumilia, na makubaliano ya kitaifa yakapatikana 2023. Vyuo vyetu, kila kimoja kikienda peke yake, haviwezi kusimama hivyo hata wiki moja.

Sasa nawauliza hasa wakutubi mliomo humu, maana ninyi ndio mnaozijua ankara hizi: mko tayari mazungumzo yafanywe na timu moja ya taifa, yenye ninyi, wanasheria na Hazina? Matoleo tuliyokwisha kuyalipia yabaki wazi kwetu hata mkataba ukiisha? Na bei itangazwe hadharani? Wachapishaji hupenda kuweka kifungu cha usiri juu ya bei. Kwangu mimi, kifungu hicho kikiwemo, tusisaini.