Nimesafisha injekta mwenyewe, sasa gari inamisi (silinda haziwaki sawasawa). Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

#1 Mtoto wa Mwisho
Wakuu habari za jioni. Naomba msinicheke.

Nina gari ya mwaka 1991, petroli, silinda nne. Ilikuwa inakunywa mafuta kupita kiasi na asubuhi inatoa moshi mweusi. Nikaangalia video mbili tatu, nikajiridhisha kwamba injekta, vile vinyunyizio vya petroli, zimechafuka na kazi yenyewe haihitaji shahada. Jumapili nikazitoa zote nne, nikazipulizia dawa ya kusafishia karabureta, nikabadilisha oringi (vipete vya mpira vya kuzibia), nikarudisha kila kitu mahali pake.

Inawaka. Ila sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda na kushuka yenyewe, na inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Kuna mluzi mwembamba unatokea hukohuko kwenye injini. Harufu ya petroli ipo kidogo, nadhani ni ile iliyomwagika wakati nafungua.

Swali langu ni moja tu: nikiitembeza si itajirekebisha? Nasikia kompyuta ya gari huwa inajifunza upya. Jumamosi nina safari ya kilomita 400 na ushee, haiahirishiki. Natanguliza shukrani.

#2 Kiti cha Mbele
Injekta hazisafishwi nyumbani. Zinapelekwa kwenye mashine ya altrasoniki, halafu zinapangwa kwenye vichupa vyenye alama uone kila moja inamwaga kiasi gani kwa muda uleule. Usipopima umeosha nje tu, kama mtu anayenawa uso halafu anasema ameoga.

#3 Nyundo Tatu
Mkuu #2 sio wote tunaoishi jirani na hiyo mashine. Mimi zangu niliziosha mezani kwa betri ya volti 9 na nyaya mbili. Unagusa, inasema tik, unaachia, inasema tik, huku unapuliza dawa kwa mgongo, yaani kutokea kwenye ncha kurudi juu. Kichujio cha ndani, kile kikapu kidogo kama kofia ya mdudu, nilikitoa kwa kukizungushia skrubu ya mbao kisha nikaivuta kwa koleo. Ule uchafu uliotoka nilimwonyesha mke wangu, akaniuliza kwa nini namwonyesha.

Kosa nililofanya ni moja. Injekta ya kwanza niliipa volti 12 ya betri ya gari nikaishikilia nione inavyomwaga. Koili yake ilikuwa ya omu 2. Piga hesabu, hiyo ni ampea 6 zinapita mfululizo. Iliungua nikiwa naitazama. Mleta mada, wewe ulizifungua kwa umeme au ulipuliza tu zikiwa zimejifunga?

#4 Mama Watatu
Mume wangu alianza hivihivi, alikuwa anabadilisha plagi tu. Leo sebuleni kwangu kuna gia boksi juu ya stuli na wageni wanaambiwa "isukume tu kidogo ukae". Kijana, kuna kazi za mtu na kuna kazi za watu.

#5 Skana Mkononi
Mbona mnazunguka? Chomeka skana. Ukikuta namba ya kosa P0300 ni misi ya silinda zozote, P0303 ni silinda ya 3, P0171 hewa imezidi mafuta. Dakika 5 umemaliza.

#6 Fundi Mstaafu
Mwanangu wa #5, gari la 1991 utalichomeka skana hiyo wapi? OBD-II, mfumo wenye soketi ya skana hiyo, ilikuja kuwa lazima kwa magari ya Marekani ya mwaka 1996. Haya ya zamani unaunganisha pini mbili za soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, kisha unahesabu taa ya injini inavyokonyeza.

Mleta mada, mluzi ni hewa na harufu ni mafuta. Hayo ni makosa mawili tofauti, na hakuna kompyuta inayojifunza kuziba tundu. Nakuuliza maswali mawili. Injekta zikiwa zimefungwa pamoja na reli yake (bomba linalozigawia mafuta), ukizishika kwa vidole zinazunguka? Zinatakiwa zizunguke kwa ulaini; ikigoma, oringi imejikunja au imebanwa vibaya. La pili, oringi hizo umezitoa wapi?

#7 Mtoto wa Mwisho
Asante mzee wangu. Kuzunguka hazizunguki, zimekaa imara kabisa, nadhani hilo ni jambo zuri. Oringi ni mpya, hilo halina shida. #3 nilipuliza tu, sikutumia umeme. Narudi kwenye swali langu: je, nikitoa betri usiku mzima kompyuta ikasahau, nikawasha asubuhi?

#8 Nyundo Tatu
Umeulizwa zimetoka wapi, hukuulizwa umri wake.

#9 Mtoto wa Mwisho
Sawa, jamani.

Nina boksi la oringi za saizi mbalimbali, zile za kutengenezea mabomba ya maji. Nilipanga nne zinazolingana na za zamani, nikazipima kwa jicho na nyingine kwa kalamu. Zimekaa vizuri kuliko hata zilizotoka, zile zilikuwa zimekauka kama makoko. Ili kuwa na uhakika nikapaka silikoni ya kuzibia gasketi kuzunguka kila moja, juu na chini. Kopo limeandikwa inahimili nyuzi 300. Mpira ni mpira, wakuu, na presha yenyewe sio kama ya dizeli. Sikukurupuka. Hata ile injekta ya tano sikuigusa kabisa, niliogopa kuharibu.

#10 Fundi Mstaafu
Kumbe ndiyo maana hazizunguki. Umezigandisha.

Kuhimili joto na kuhimili petroli ni vitu viwili, na silikoni hiyo haiwezi petroli. Inavimba, inalainika, inakatika vipande, na kipande kikiingia kwenye reli kinakwenda kukaa palepale ulipotoka kusafisha. Oringi za maji nyingi ni za mpira uitwao EPDM. Maji hazina neno nayo, ila petroli inazifanya zinenepe kama maiti ya mtoni. Za injekta zinakuwa Vaitoni, mpira unaohimili petroli, na kilainishi chake ni tone la oili safi ya injini unalopaka kwa kidole, basi.

Usiniamini mimi. Chukua oringi moja kutoka kwenye boksi lako, itie kwenye kichupa cha kioo chenye petroli kidogo, ufunike, uiweke nje mbali na moto. Asubuhi ivalishe kwenye kalamu ileile.

Presha ya reli yako ni bar 3 hivi, ni kweli si kitu mbele ya dizeli za sasa zinazopita bar 2,000. Lakini bar 3 zinatosha kabisa kurusha mafuta kama bomba la kumwagilia maua. Chini ya reli yako kuna nini? Si stata? Au alteneta? Usiwashe tena hilo gari.

#11 Mtoto wa Mwisho
Mzee hairushi. Ni tone tu. Labda moja kwa dakika, na ni pale silinda ya 3 peke yake. Nimeweka kitambaa na nakibadilisha kila nikisimama. Chini yake kuna alteneta lakini tone linapita pembeni.

Na kuhusu kuahirisha, siwezi kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kuirudisha. Gari ni ya baba mkwe. Aliniazima wiki tatu. Alilalamika inakula mafuta, mimi nikataka imrudie ikiwa imepona, asiulize. Sasa mtu aniambie tu kama silikoni ya aina nyingine itafaa kwa kilomita 400, nikifika nitajua la kufanya.

#12 Mama Watatu
"Nakibadilisha kila nikisimama." Kwa hiyo umekuwa unaitembeza! Mwanangu, una kitambaa kilicholowa petroli juu ya alteneta, na wasiwasi wako ni mkwe kuuliza? Mpigie simu mzee wa watu. Mimi nina wakwe wawili wa kiume. Aliyenikwaruzia gari akaniambia siku hiyohiyo ndiye ninayemwachia funguo mpaka leo. Yule mwingine nilisikia kwa jirani.

#13 Mpelelezi Huru
Samahani nawakatisha. Someni #1: "silinda nne", "nikazitoa zote nne". Haya someni #9: "ile injekta ya TANO sikuigusa". Injini ya silinda nne ina injekta ya tano inamwagia nani? Siku nne mtu anaendesha gari inayodondosha petroli, mkwe ameingia kwenye post ya kumi na moja kama kwenye tamthilia, kila akibanwa anaongeza kipengele.

Hii ni chai, wakuu. Tena ya rangi.

#14 Kiti cha Mbele
Nilihisi toka mwanzo. Mtu mwenye gari la kweli angeshalipeleka kwenye mashine.

#15 Kijiko cha Oili
Nimekaa paleee. Ya tano ni ya akiba, kama tairi.

#16 Skana Mkononi
Nami nilishangaa, gari gani haina pa kuchomeka skana. Mods funga uzi.

#17 Fundi Mstaafu
Funga uzi, funga uzi. Nyinyi mmezaliwa lini?

Injekta ya tano ipo. Toyota nyingi za miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa 1990 zinayo, na magari mengine pia. Haikai na wenzake. Imekaa peke yake kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, na kazi yake ni kumwaga mafuta ya ziada sekunde chache ukipiga stata injini ikiwa ya baridi. Inaongozwa na swichi inayosikia joto la maji. Ni kama choki ya karabureta. Ikichoka ikawa haifungi sawasawa, inavujisha mafuta ndani muda wote, na hapo unapata nini? Gari linakunywa, asubuhi moshi mweusi.

Yaani kwa maelezo yake ya #1, huenda zile nne hazikuwa na kosa lolote, na mgonjwa ni ile moja aliyoogopa kuigusa. Mtunga chai hawezi kuokota kitu kama hicho njiani.

#18 Mpelelezi Huru
Sawa mzee, kwa heshima yako hoja ya tano naiondoa. Ya mkwe sijaiondoa. Mleta mada weka picha.

#19 Mtoto wa Mwisho
Nimeamka. Nilitaka kunyamaza lakini naona nimeitwa muongo.

Kwanza kichupa. Jana jioni oringi ilikuwa inaibana kalamu mpaka lazima uisukume kwa kucha. Asubuhi hii nimeivalisha, imeteleza yenyewe mpaka chini ikaanguka mezani. Ukiibonyeza ni kama sikio. Nimekaa naitazama muda mrefu.

Pili, nimechomoa fyuzi ya pampu, nikawasha injini nje mpaka ikazima yenyewe ili presha iishe, nikatoa betri, nikafungua reli tena. Mzee wa #10, ya silinda ya 3 imetoka na oringi imekatika pande mbili. Picha tatu hizo hapo: reli, injekta, na sinia nililowekea vitu vilivyotoka Jumapili.

#20 Nyundo Tatu
Hiyo silikoni nyekundu jamani, kama keki. Toa yote kwa mbao au plastiki, usikwangue kwa bisibisi, na kabla ya kurudisha piga reli maji ya… hapana, sio maji. Safisha kwa petroli na kitambaa kisichotoa nyuzi. Agiza seti kamili ya oringi za injekta, usiokoteze oringi moja moja.

#21 Mpelelezi Huru
Naomba radhi kwa mleta mada. Gari ipo.

Lakini picha ya tatu, kona ya chini kushoto ya sinia. Hivyo vipete vinene vya kahawia ni nini?

#22 Mtoto wa Mwisho
Hivyo vilikuwa chini kwenye matundu ya manifoldi. Nilidhani ni masizi yaliyoganda miaka yote hiyo, nikavichokonoa na bisibisi mpaka matundu yakawa meupe. Ilinichukua karibu saa nzima. Silikoni ya chini niliipaka pale.

#23 Fundi Mstaafu
Mluzi wako ndio huo.

Hizo ni raba za makalio ya injekta. Injekta inazikalia, zinaziba hewa na zinapunguza joto na mtikisiko. Ukiziondoa injini inanyonya hewa isiyopimwa kupitia pembeni mwa kila injekta, sailensa lazima icheze ngoma. Zinauzwa pamoja na oringi za juu. Na bado nasema, ukimaliza hizi uitazame ile ya tano.

#24 Mpelelezi Huru
Mzee, nimeivuta picha iwe kubwa. Zilikuwa nne, sivyo? Mimi naona tatu na nusu.

#25 Fundi Mstaafu
Nimeona sasa. Mtoto wa Mwisho, usipige stata. Hiyo nusu ilitokea tundu la ngapi?

#26 Mtoto wa Mwisho
La tatu. Nakumbuka ilikatika, nikadhani nyingine imeangukia chini ya gari. Hapa namulika kwa tochi ya simu. Naona mgongo wa valvu, halafu ubavuni kuna kitu cheusi kimejibanza, kama ukucha hivi. Nakunja waya nikivute. Baba mkwe anapiga simu.

#27 Mpelelezi Huru
Weka picha.