Ryzen 5 5600X: nataka kasi, sitaki volti nyingi wala joto

mhariri_tabata
Wakuu, habari za jioni. Nahariri video za harusi hapa Tabata. Mashine ni ya mezani: Ryzen 5 5600X, mazabodi ya B550, ramu GB 16, na kile kifeni kidogo cha Wraith Stealth kilichokuja kwenye boksi la prosesa. Chumbani hamna kiyoyozi, pangaboi tu. Mchana wa leo kipimajoto cha ukutani kimesoma nyuzi 32.

Kuna kijana alinipandishia kasi: viini (cores) vyote 6 vya prosesa kwenye 4.4 GHz, volti 1.30 muda wote. Nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika), dakika tatu hazipiti joto limefika 93. Jumamosi nilitakiwa kukabidhi kazi saa kumi. Mama wa bibi harusi amekaa sebuleni kwangu, flashi mkononi, na mashine ikazima ikiwa asilimia 87. Nilipoweka kiganja nyuma ya kasha, hewa inayotoka ilikuwa kama ya pasi. Yule mama hakusema neno, alinyanyuka tu akaaga. Imeniuma sana.

Nilijaribu kushusha hadi 1.15 kwa kasi ileile, Windows ikagoma kuwaka. Kipozeo kikubwa siwezi kununua mwezi huu. Nianzie wapi?

fundi_nyamagana
Pole sana mkuu. Anza kwa kufuta yote aliyoweka huyo kijana, rudisha baiosi (menyu ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows) kwenye mipangilio ya kiwandani. Kwa prosesa hizi, kuzifunga kwenye kasi moja na volti moja ni hasara. Kiwandani yako hupanda yenyewe hadi 4.6 GHz kiini kimoja kikiwa na kazi, kwa hiyo 4.4 ya kudumu imekunyang'anya kasi kwenye kazi ndogondogo, halafu ukaongezewa joto.

Umeme unaoliwa hufuata volti kwa kipeo cha pili. Ukitoka 1.30 kwenda 1.20 kwa kasi ileile, umepunguza karibu asilimia 15. Ndiyo maana volti ndiyo ya kuhangaika nayo kwanza.

Ingia baiosi, tafuta Precision Boost Overdrive, sehemu ya ukomo wa umeme wa prosesa, weka Advanced. Hapo kuwa makini: usichague ukomo wa mazabodi, utafungulia umeme kuliko kifeni chako kinavyoweza. Andika mwenyewe ukomo wa kiwandani, PPT 76 (wati), TDC 60 na EDC 90 (ampea). Kisha fungua Curve Optimizer, ya kurekebisha volti ya viini, chagua Negative (kupunguza), anza na hatua 10 kwa viini vyote. Hatua moja hupunguza kama milivolti 3 hadi 5. Prosesa ikipata nafuu ya volti, inapanda kasi yenyewe ndani ya zile wati 76.

Usiamini namba ya GHz peke yake. Volti ikipungua kupita kiasi, skrini inaweza kukuonyesha kasi kubwa huku kazi imepungua. Pima kwa alama za Cinebench (programu ya kupima nguvu ya prosesa), na kwenye HWiNFO (programu ya kusoma vipimo vya mashine) soma mstari wa Effective Clock, yaani kasi halisi.

pwani_pc
Mkuu, kabla ya yote fungua kasha. Mimi niko Mombasa, yangu ilishuka nyuzi 8 kwa kutoa vumbi na kupaka pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo tu. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza.

mhariri_tabata
Asanteni. Vumbi lilikuwa limeganda katikati ya mapezi ya alumini kama sufi ya mto. Nikaweka Curve -30 viini vyote, Cinebench ikapita mara tatu, nikafurahi. Usiku nasoma meseji tu, hakuna kazi yoyote, ikajiwasha upya. Sielewi: kazi nzito inaiweza, kupumzika inashindwa?

fundi_nyamagana
Ndivyo inavyokuwa mkuu. Kwenye kazi nzito viini vyote vinagawana wati 76, kasi inakuwa ya wastani. Mashine ikitulia, kiini kimoja kinaruka hadi juu kabisa, na huko juu ndiko volti uliyopunguza inakosekana. Fungua Event Viewer ya Windows, tafuta WHEA-Logger (rekodi ya makosa ya vifaa), itakusaidia kujua ni kiini kipi. Halafu acha programu ya CoreCycler ipime kiini kimoja kimoja usiku kucha. Viini viwili bora vya prosesa ndivyo visivyovumilia kupunguziwa sana, maana hupewa kasi kubwa kwa volti ambayo tayari ni ndogo.

mhariri_tabata
Nimerudi baada ya siku nne. Viwili bora nimeviweka -8, vinne vilivyobaki -22. CoreCycler imepita usiku mbili, WHEA hakuna hata moja. Harusi ileile iliyozima nimeirenda mchana wa jua kali, pangaboi namba tatu: joto la juu kabisa 77, na imeisha dakika 4 mapema kuliko alivyoweka kijana. Flashi nimempelekea mama mwenyewe, mpaka nyumbani kwake.

Fundi, kasi ya ramu iko 3200. Nikiigusa nayo, hizi namba za Curve nitaanza kupima upya?

fundi_nyamagana
Ndiyo, upya. Iache hapo kwanza, maliza harusi za mwezi huu.