Gumzo la familia: Kupiga Windows upya kwenye laptopu ya Mama

Zuhura: Shikamoo Mjomba. Laptopu ya Mama imechoka, ikiwashwa inajivuta mpaka unakata tamaa. Idi ameshapata SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ya kuweka badala ya diski ya zamani. Kilichotukwamisha ni leseni. Stika ya chini imesuguika, namba za ufunguo wa leseni hazisomeki. Tutapiga Windows kwa ufunguo gani?

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Msiguse kitu kwanza. Stika ni ya Windows ipi?

Zuhura: 7 Home Premium, hilo ndilo neno pekee lililobaki. Ila ndani ina Windows 10.

Mjomba Hamisi: Basi tulieni. Hiyo ilipandishwa bure kutoka 7, ile nafasi iliyoanza Julai 2015. Siku ilipopanda, Microsoft waliiandikisha mashine kwenye seva zao kwa kuvitambua vifaa vyake, hasa madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Leseni haikai kwenye diski. Mkitoa diski mkaweka SSD, madabodi ni ileile, leseni ipo palepale.

Idi: Shikamoo Mjomba. Kuna rafiki yangu ana kiprogramu kinachofungua Windows yoyote, tena haraka. Anasema nizime antivairasi tu kwanza.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Hapana Idi. Kinachokuomba uzime antivairasi kinakuomba umfungie mlinzi nje. Ukishakiruhusu kina mamlaka yote juu ya mashine, na hutajua kimeacha nini ndani.

Mama: Idi, humo ndimo ninamoingilia benki.

Idi: Sawa Mama, nimekiacha.

Mjomba Hamisi: Na kinachoniuma zaidi ni kwamba leseni halali mnayo. Watu wengi wanaiba kitu ambacho tayari ni chao, kwa kutojua tu pa kukitafuta. Tuhakikishe. Zuhura, kabla hamjafungua skrubu hata moja, fungua dirisha la amri, lile jeusi la maandishi, uandike hivi:
slmgr /dli

Zuhura: Kimetokea kidirisha. Kuna Core edition, RETAIL channel, halafu herufi za mwisho za ufunguo 8HVX7. Chini kabisa Licensed. Mbona Core? Si ni Home?

Mjomba Hamisi: Core ndiyo Home, humo ndani wanaiita hivyo. Licensed ndilo neno tulilokuwa tunalitafuta. Hiyo 8HVX7 msiihangaikie wala msiifiche, ni mwisho wa ufunguo wa jumla ambao Windows 10 Home huuweka kwenye mashine zenye leseni ya kidijitali kama hii. Haufungui kitu peke yake. Kumbukumbu iliyoko kwenye seva ndiyo inayofanya kazi.

Shangazi Rehema: Na mimi nimejaribu kwenye yangu, imeandika OEM_DM. Haikuja na stika ya namba, siku zote nahofu niliuziwa ya bandia.

Mjomba Hamisi: Hiyo ni ya kiwandani, dada. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wengi waliacha stika za namba, ufunguo wanauhifadhi kwenye chipu ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine. Siku ukipiga upya toleo lilelile, Windows itausoma yenyewe bila kukuuliza. Ya kutilia shaka ni ikiandika VOLUME kwenye laptopu ya mtu binafsi. Leseni ya namna hiyo hutolewa kwa ofisi au shule, haihami na mashine ikiuzwa.

Shangazi Rehema: Ahsante kaka, umenitoa wasiwasi.

Mama: Mnaongea leseni tu. Picha zangu je? Na daftari la hesabu za kikundi?

Mjomba Hamisi: Dada, hilo lilistahili kuwa la kwanza, niwie radhi. Zuhura, leseni ikipotea inatafutwa, picha zikifutika hakuna pa kuziomba. Nakili kwenye diski ya nje: Picha, Nyaraka, Vipakuliwa, na vyote vilivyotapakaa kwenye desktopu, maana Mama huweka vitu hapo. Nywila zilizo kwenye brauza zinakili pia. Halafu fungua picha kadhaa kutoka kwenye ile nakala, uzione kwa macho. Faili kuonekana jina lake siyo sawa na faili kufunguka.

Zuhura: Ndiyo Mjomba. Ile diski ya zamani tukishaichomoa tuiformati?

Mjomba Hamisi: Usithubutu! Iwekeni kando kama ilivyo mpaka Mama mwenyewe aseme hakuna kinachopungua. Tena hiyo ndiyo raha ya kuweka diski mpya: wakati wa kupiga Windows, diski ya zamani iko nje, hata mkono ukiteleza hakuna cha kufuta.

Idi: Flashi ninayo ya GB 16.

Mjomba Hamisi: Inatosha, wanataka angalau 8. Itafutwa yote, kwa hiyo toa vyako. Zana ya kuitengeneza ipakue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, usichukue Windows aliyoipika mtu. Pakua na draiva ya Wi-Fi ya hiyo laptopu, yaani programu ya kuiendesha Wi-Fi, uiweke humohumo, maana bila intaneti leseni haitajithibitisha. Kuwasha kutoka kwenye flashi, kitufe cha Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc au F9.

Ikiuliza ufunguo, chini kuna maandishi madogo ya kusema huna. Bonyeza hayo. Hapo ndipo watu wengi hurudi nyuma wakitafuta namba za kukopa. Kisha chagua Home. Ukichagua Pro haitakubali, kwa sababu kumbukumbu ya mashine ni ya Home.

*Jumapili*

Idi: Mjomba, imeingia! Wi-Fi ilikataa mpaka nikaweka ile draiva. Nilipounganisha tu, kwenye Mipangilio ikaandika Windows imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali. Sijaandika namba hata moja.

Zuhura: Na inawaka haraka, Mama haamini.

Mama: Picha nimeziona. Hesabu za kikundi zipo. Mungu awabariki wanangu.

Mjomba Hamisi: Hongereni sana. Bado moja. Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya umri huo haikidhi masharti ya Windows 11, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya zaidi. Microsoft waliongeza masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Fungueni Windows Update, isasisheni kwanza ifike toleo 22H2, ndipo mtafute kiungo cha kujiandikisha.

Idi: Na baada ya hapo?

Mjomba Hamisi: Baada ya hapo benki ihamie kwingine, au tuweke Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Haidai leseni ya kununua, na kwenye mashine ya zamani inakwenda vizuri. Nikija nitaiwasha kutoka kwenye flashi bila kuigusa SSD, Mama aijaribu kwanza.

Mama: Nitaijaribu, mradi hesabu zangu zifunguke.

Mjomba Hamisi: Nitumie faili moja la hizo hesabu leo, nilifungue huku kwenye LibreOffice, programu ya nyaraka na hesabu inayotumika kwenye Linux, tuone kama linakaa sawa.